Somo: Kitalu cha familia kwenye makaburi ya karne ya 19, kuanzia hati hadi jiwe

Somo hili ni la makaburi yanayoendeshwa na vyama vya makaburi huko Marekani, hasa jimbo la New York. Kitalu hapa ni kipande cha makaburi ambacho familia ilinunua haki ya kuzikia. Makaburi ya Mount Auburn, Massachusetts, yalifungua njia mwaka 1831 kwa kuuza vitalu vya familia vya futi 15 kwa 20, na makaburi ya Green-Wood, Brooklyn, yakafuata mwaka 1838. Aliyeoa au kuolewa katika ukoo wenye kitalu cha namna hii, au aliyechaguliwa kwenye bodi ya makaburi madogo, ataikuta mezani kazi ya kujua nani ana haki ya kitalu na jiwe litunzwe vipi.

1. Linganisha kumbukumbu tatu. Leja ya mauzo inataja mnunuzi, daftari la maziko linataja waliozikwa, na ramani inaonyesha mahali. Ni nadra zote tatu kukubaliana. Majina hukosewa, watoto wachanga hurukwa. Fungua faili moja kwa kila kitalu, tofauti uziandike humo. Leja ya zamani usiiguse kwa kalamu.

2. Soma hati. Kilichonunuliwa ni haki ya kuzika na kusimamisha jiwe. Ardhi yenyewe inabaki ya chama, na kanuni za chama kuhusu miti, nyua na vimo vya mawe zinamfunga mwenye hati. Kwenye makaburi ya Spring Grove, Cincinnati, mtaalamu wa bustani Adolph Strauch alianza mwaka 1855 kuondoa nyua za vitalu ili nyasi zitandazike bila vikwazo. Anayeuliza uzio wa babu umekwenda wapi, huenda jibu lake liko kwenye kumbukumbu za vikao vya bodi.

3. Chora nasaba kuanzia kwa mnunuzi kushuka chini. Wengi huanza kwa mwombaji, yaani anayetaka kuzika, na kupanda juu, hivyo tawi moja tu ndilo linaloonekana. Tuseme mnunuzi wa 1868 aliacha watoto wanne, mmoja akafa bila mtoto. Kama hakuna wosia uliokitaja kitalu, yanabaki matawi matatu, kila moja na theluthi. Tawi lenye wajukuu watano linampa kila mmoja sehemu 1 ya 15. Huyo mwenye 1 ya 15 hawezi kuwaamulia wenzake peke yake.

Dai hati ya kiapo yenye nasaba nzima, vyeti vya vifo na nakala za wosia. Kisha warithi wamteue kwa maandishi mwakilishi mmoja wa kuzungumza na bodi. Sheria za urithi wa kitalu hutofautiana kwa jimbo, na mjane au mgane mara nyingi ana haki yake ya kuzikwa, kwa hiyo palipo na mvutano mwone wakili. Kazi hii ifanyike watu wakiwa wazima. Msiba ukishaingia, familia ina siku chache tu, na bodi husukumwa kukubali sahihi ya yeyote aliye karibu.

4. Pima ardhi kabla ya kuchimba. Nafasi iliyo wazi kwenye ramani inaweza kuwa na mtu chini. Tumia fimbo ya chuma ya mita 1.2 hadi 1.5 yenye mpini wa msalaba, uichomeke taratibu kila sentimita 30. Udongo uliowahi kuchimbwa hulegea. Ukigonga kitu kigumu karibu na juu, huenda ni jiwe lililoanguka likafunikwa. Simama, usiendelee kuchoma.

5. Jua fedha inalipia nini. Familia nyingi zina karatasi ya "matunzo ya daima" na zinaamini jiwe limo. Kwa kawaida halimo: mfuko hulipia nyasi na njia, jiwe ni mzigo wa familia. Tena faida tu ndiyo hutumika, mtaji hauguswi. Dola 100 zilizowekwa mwaka 1890 kwa asilimia 4 huzaa dola 4 kwa mwaka, na hizo leo hazimlipi mkata nyasi hata saa moja.

6. Jiwe. Safisha kwa maji mengi na brashi laini ya nailoni. Lowesha kwanza, anza chini kwenda juu ili maji machafu yasiache michirizi. Kama uso unamomonyoka kama sukari, liache. Brashi ya waya, tindikali na pampu ya maji ya shinikizo ni marufuku, na mashine ya kamba ya kukatia nyasi isifike karibu: kamba ile huila marumaru.

Jiwe lililoinama lina uzito kuliko linavyoonekana. Bamba la marumaru la mita 1.2 kwa 0.6, unene sentimita 5, lina karibu kilo 97. Fanyeni wawili au watatu. Kwa mawe marefu ya mnara tumia chenibloki, kinyanyuzi cha mnyororo. Chimba, shindilia kokoto, rudisha bamba, pima kwa pima maji. Saruji usiitumie. Ni ngumu kuliko marumaru, na jiwe likisukumwa na barafu ya ardhini huvunjika pale linapotokea kwenye saruji. Kwenye viungo tumia chokaa sehemu 1 kwa mchanga 3. Waliokarabati nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaijua hasara ya saruji juu ya kuta za chokaa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Baba mdogo wa mume wangu anayo hati halisi ya 1871 kabatini. Si ndiye mwenye kitalu?*
Marahaba. Kutunza karatasi si kumiliki. Haki inafuata wosia au nasaba. Mwombeni nakala, kisha mchore ukoo.

*Tunaweza kuuza nafasi zilizobaki?*
New York, kitalu hutolewa kwanza kwa chama kwa bei iliyolipwa pamoja na riba sahili (isiyozaa riba juu ya riba) ya asilimia 4 kwa mwaka. Kilichonunuliwa dola 60 mwaka 1870 kingefika dola 432 mwaka 2025. Kikiwa kimeshazikwa mtu, masharti huongezeka. Ulizeni bodi kabla ya kutangaza.

*Nilitumia jiki na jiwe likang'aa. Kuna ubaya gani?*
Jiki huacha chumvi ndani ya vinyweleo vya jiwe. Ikikauka huwa fuwele na kusukuma chembe nje, uso ukaanza kumeguka baadaye. Suuza kwa maji mengi sasa, usirudie.

*Jiwe limekatika vipande viwili. Nitoboe niweke nondo?*
Hapana. Chuma hupata kutu, kutu huvimba, nawe utapata vipande vinne. Laza vipande juu ya mbao au kokoto mahali pakavu, uvipige picha, namba ya kitalu uiandike kwenye kibao pembeni badala ya jiwe lenyewe, kisha mwite fundi wa mawe ya kale.