Somo: Kuandika mahali ndani ya hadithi, mfano wetu Dar

Hadithi nyingi mnazonitumia zinaanza hivi: "Dar es Salaam ni jiji kubwa lenye pilikapilika nyingi." Futa. Msomaji wa Tandika hilo analijua, na wa Tandahimba hajaonyeshwa kitu.

Hatua ya 1: Panga saa na msimu kwanza, mtaa baadaye. Kariakoo ya alfajiri, fremu zimefungwa na mikokoteni inashusha mabelo ya mitumba, haifanani na Kariakoo ya saa nane mchana. Januari kaskazi inavuma na joto halikuachi ulale. Julai ni kusi, na anayepanda pantoni, kile kivuko cha Kigamboni, asubuhi na mapema anaweza kuvaa sweta. Ukishajua saa na msimu, nusu ya maelezo yanakuja yenyewe.

Hatua ya 2: Mahali pamfanyie mhusika kitu. Hapa ndipo wengi mnapokwama. Mnapaka mandhari rangi, halafu hadithi inaendelea kana kwamba ingeweza kutokea popote. Chukua Jangwani. Masika yakikolea, Mto Msimbazi hufurika na Barabara ya Morogoro hufungwa pale bondeni. Sasa mweke Zuhura ndani ya mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao maalumu, anatoka Kimara kwenda Posta kwenye usaili wa kazi saa tatu. Basi linaishia Magomeni, kabla ya bonde. Ana elfu mbili mkononi. Bodaboda anataka elfu tano, tena kwa kuzunguka. Hujaandika sentensi hata moja ya "mvua ilinyesha kwa fujo", lakini msomaji keshalowa.

Andika hivi:

*Zuhura alivua viatu, akavitia kwenye mfuko wa rambo pamoja na vyeti, akaufunga fundo mbili.*

Sentensi moja, na mafuriko yamo.

Hatua ya 3: Anayeona ni mhusika, siyo wewe. Mpeleke mtu soko la samaki la Feri. Mgeni atasikia harufu na kelele za mnada. Mchuuzi aliyekuja kununua vibua vya kukaanga hasikii harufu yoyote. Anafunua matamvua kuangalia kama bado ni mekundu, huku jicho moja likimfuata mpinzani wake anayepandisha bei. Ukimpa mchuuzi macho ya mtalii, umemuua.

Hatua ya 4: Hakiki mwaka. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa 2016, na mwendokasi ulianza mwaka huohuo. Hadithi ya 2012 inayomvusha mtu darajani kwenda Kigamboni ni kichekesho. Wakati ule ilikuwa pantoni pale Magogoni, au uzunguke kwa Mbagala na Kongowe. Na foleni ya pantoni ni zawadi kwa mwandishi: watu wawili wasiosemeshana wanalazimika kusimama pamoja.

Hatua ya 5: Vivumishi punguza. "Ya kuvutia" na "ya kupendeza" sitaki kuviona.

MASWALI

*Mwalimu, mimi naishi Mbagala ndani kabisa. Mtaani kwetu hakuna bahari wala ghorofa. Niandike nini?*

Andika anayeuza maji kwa ndoo na wanaomdai chenji. Andika ukuta ulioandikwa "usikojoe hapa" na nani aliuandika. Bahari ya Dar imeshaandikwa hadi imechoka, kwa maoni yangu.

*Shikamoo mwalimu. Nitumie majina halisi ya mitaa au nitunge?*

Marahaba. Mitaa mikubwa iache na majina yake, maana msomaji wa Dar atakukamata ukikosea mwelekeo. Lakini gesti ambayo mwenyewe ni tapeli ndani ya hadithi yako, itungie jina na uisogeze uchochoro mwingine. Hutaki kesi.

*Kaka, mimi niko Mwanza na Dar sijafika, ila hadithi yangu lazima iwe huko.*

Mfanye mhusika naye awe mgeni, ameshuka basi la mkoani juzi tu. Usichokijua wewe, na yeye asikijue. Halafu mpigie ndugu yako aliyeko Dar, umwulize akitoka kazini anapanda gari gani, anashukia wapi, na akikosa siti anashika wapi. Usimwulize "Dar ikoje", atakujibu "joto".

*Maelezo ya mahali yawe aya ngapi mwanzoni?*

Hata moja ni nyingi. Anza na mtu anayefanya jambo; mahali tutapaona akiwa njiani. Wiki ijayo kila mmoja alete nusu ukurasa wa kituo kimoja cha daladala, saa moja usiku, bila kutumia neno "foleni".