Kutoka herufi hadi baiti: namna ya kukagua na kuokoa maandishi ya Kinyakyusa yaliyovurugika

Anayechapa nyaraka za Kiswahili katika steshenari za Mwanjelwa au Tukuyu, mkoani Mbeya, anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kujiuliza herufi huhifadhiwaje, kwa sababu abjadi ya Kiswahili inaenea yote ndani ya ASCII, mfumo wa Marekani wa mwaka 1963 wenye nafasi 128 tu. Tatizo hujitokeza anapoletewa nyimbo au hadithi za Kinyakyusa. Lugha hiyo ina irabu saba, na tahajia inayozitofautisha zote kwa ɨ na ʉ huhitaji herufi ambazo ASCII haina. Ili kufuata hatua hizi unahitaji kompyuta yenye Python 3, lugha ya kuandikia programu.

Hatua ya 1. Fungua Python na uandike amri hii humo humo, kwa kuwa alama za kunukuu zilizopinda kutoka programu nyingine zitakataliwa:

`list("Mbeya".encode("utf-8"))`

Jibu ni `[77, 98, 101, 121, 97]`. Kompyuta haihifadhi umbo la herufi bali namba, na hapa kila herufi imechukua baiti moja, yaani biti nane, kila biti ikiwa 0 au 1.

Hatua ya 2. Rudia amri hiyo kwa kuweka ɨ mahali pa Mbeya. Utapata `[201, 168]`, na hapa inafaa kutulia. Katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila alama namba yake, ɨ ni 616, ilhali baiti moja haiwezi kuvuka 255. UTF-8, mfumo uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, huigawa namba hiyo: 616 kwa biti ni 01001 101000, kundi la kwanza hutanguliwa na 110, tukapata 11001001, ambayo ni 201, na la pili hutanguliwa na 10, tukapata 10101000, ambayo ni 168. Kwa hiyo 110 hutangaza herufi ya baiti mbili, na 10 huonyesha mwendelezo. Kwa kuwa baiti za ASCII zote huanza na 0, faili la zamani la ASCII husomeka kama UTF-8 bila kubadilishwa hata kidogo, na kwangu huu ndio uamuzi bora kuliko yote katika mfumo huu.

Hatua ya 3. Tambua kosa. Windows-1252, mfumo wa zamani wa Windows ambao Python huuita cp1252, huichukulia kila baiti kuwa herufi kamili: 201 ni É na 168 ni ¨. Ndiyo maana ɨkɨnyakyʉsa iliyohifadhiwa kwa UTF-8 ikisomwa kwa mfumo huo hugeuka kuwa É¨kÉ¨nyakyÊ‰sa. Kiswahili nacho hakiponi, kwani programu za kuandikia huipinda ritifaa (alama ya ') ya ng'ombe, nayo ikipindwa huwa ya baiti tatu, na mteja akaletewa ngâ€™ombe.

Hatua ya 4. Usikimbilie kufuta na kuchapa upya. Tengeneza nakala ya faili, kisha urudishe baiti zilivyokuwa na uzisome kwa mfumo sahihi:

`"É¨kÉ¨nyakyÊ‰sa".encode("cp1252").decode("utf-8")`

Neno litarudi salama. Lakini ukikuta alama ya kuuliza mahali pa irabu, na baiti yake ni 63, herufi ya awali imeshafutwa. Hakuna amri itakayoirudisha, hivyo mwombe mwandishi faili la kwanza.

Hatua ya 5. Unapohifadhi, chagua UTF-8 katika sehemu ya usimbaji. Kwa majedwali ya Excel, chagua CSV UTF-8, si CSV ya kawaida.

Visanduku vitupu ni suala jingine kabisa. Mara nyingi baiti ni nzima, ila fonti haina umbo la ɨ au ʉ, kwa hiyo usiliguse faili. Badilisha fonti, kwa mfano uweke Charis SIL, ambayo hupatikana bure, kisha utazame tena kabla ya kuchapisha.