Somo: Kutambua darubini halisi ya PU ya Mosin-Nagant

Mtu akishika darubini ya PU, ile ya kulengea iliyofungwa kwenye bunduki ya Kisovieti ya Mosin-Nagant, jicho hukimbilia nembo na mwaka. Hapo ndipo mtengeneza feki alipomaliza nguvu zake, maana kuchora nyota na nyundo juu ya chuma si kazi. Kinachomshinda ni kioo na mwendo wa mistari ya kulengea. Kwa hiyo tuanze ndani, nembo tuzikute mwishoni.

Hatua ya 1: Pima. Urefu ni milimita 169, uzito karibu gramu 270. Bomba ni nyoofu, halijatanuka mbele, na halina pete ya kurekebisha ukali wa picha. Likiwa na pete hiyo huenda ni PE, ndugu yake mkubwa mwenye ukuzaji wa mara 4, au ni darubini ya uwindaji iliyopewa jina la bandia. Gusisha sumaku: bomba la alumini halikutoka vitani.

Hatua ya 2: Chungulia. Ukuzaji ni mara 3.5, na jicho likae kama sentimita 7 nyuma ya kioo. Utaona nguzo yenye ncha ikitoka chini na mihimili miwili ya pembeni isiyogusana. Msalaba wa nyuzi nyembamba hauna nafasi hapa. Sasa kipimo ambacho wauzaji wengi hawakitarajii: pengo kati ya mihimili ni sehemu 7 kwa kila elfu ya umbali, yaani kwa mita 100 linafunika sentimita 70. Weka ubao wa urefu huo kwa mlalo mita 100 mbele yako, pima umbali kwa futi kamba, si kwa hatua za miguu. Ubao ukibaki mdogo sana au ukizidi pengo, mistari imechorwa kwa makisio.

Hatua ya 3: Zungusha nobu. Ya juu ina namba hadi 13, kila moja mita 100. Ya pembeni inakwenda 10 kila upande. Ukizungusha kwenye PU halisi, mistari yenyewe huhama na kuonekana imetoka katikati ya duara. Wageni hudhani imeharibika, kumbe ndivyo ilivyoundwa. Mistari ikikaa katikati daima huku picha ndiyo inayosogea, huo ni mtambo wa kisasa.

Hatua ya 4: Taa. Inamisha kioo chini ya taa. Mwakisi mweupe ni dalili njema. Kijani kali au wekundu wa rubi ni mipako ya leo. Unjano hafifu au upinde wa mvua ukingoni mara nyingi ni gundi ya zamani ya vioo iliyochoka. Ni kasoro, lakini ni kasoro inayokutetea.

Hatua ya 5: Nembo, sasa. Chukua lenzi ya kukuza. Leza huacha mtaro wenye sakafu ya kijivu na kingo zilizoungua. Tazama pia kama weusi wa chuma umefunika mchoro au mchoro umekata weusi. Ukiukata, umechorwa baada ya bomba kutiwa rangi, basi uliza kwa nini. Uchakavu wa kweli uko kwenye kingo na pale pete za kishikio zilipobana. Kutu iliyosambaa sawasawa hadi mashimoni ni ya asidi.

Hatua ya 6: Kishikio, yaani kile kinachoshikilia darubini kwenye bunduki. Kile cha Kochetov, kilichoingia 1942, hukaa ubavu wa kushoto na kubeba namba ya bunduki. Mkono wa bolti lazima uwe umekunjwa chini, kwani ule ulionyooka hugonga darubini.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, yangu imeandikwa 1938. Ni ya mapema?*
Hapana. PU ilianza 1940 kwa ajili ya SVT-40, bunduki ya Kisovieti ya nusu-otomatiki. Hiyo 1938 ingefaa kwenye PE au PEM, toleo lililofuata la PE.

*Namba ya kishikio imekatwa mstari, nyingine imeandikwa kwa kalamu ya umeme. Nimepigwa?*
La, ndugu. Karakana za Kisovieti zilipokarabati bunduki baada ya vita zilichanganya vipuri na kuandika upya namna hiyo. Kinachotia shaka zaidi ni namba zote kulingana na zote kung'aa.

*Bunduki ina mashimo yaliyozibwa ubavuni, muuzaji amefunga PU juu yake. Nilipe bei kamili?*
Usilipe. Mashimo yaliyozibwa yanaweza kuonyesha kwamba iliwahi kuwa ya mdunguaji, ila darubini hiyo imefika juzi. Hesabu bei ya bunduki, ya darubini na ya kishikio kila moja peke yake.

*Kuna vumbi juu ya mistari. Nifungue nisafishe?*
Usifungue. Skrubu zikiparurwa na vioo vikihama, thamani inashuka kuliko kwa vumbi. Safisha nje tu, kwa kitambaa laini kikavu.