Baa za karanga na nafaka kwa mwenye seliaki: jinsi ya kuzichagua ukiwa dukani

Mwezi uliopita mama mmoja alikuja kliniki na mfuko, akamwaga mezani baa sita za karanga na nafaka, zile zinazofungwa moja moja kwenye karatasi ya kung'aa. Mwanawe wa miaka minane ana seliaki, ugonjwa ambao gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na baadhi ya nafaka nyingine, huudhuru utumbo. "Dokta, zote nimehakikisha hazina ngano. Mbona tumbo la mtoto linajaa vilevile?"

Nikaigeuza ya tatu. Mbele ilijieleza kwa maandishi ya kijani kuwa haina ngano, na kweli haikuwa nayo. Nyuma, kati ya mchele na chumvi, kulikuwa na kimea cha shayiri. Kwa mtoto yule ni sumu ileile. Ndiyo maana naomba hatua hizi uzifuate ukiwa bado mbele ya rafu, kabla hujalipa.

Kwanza, kama unajishuku tu na hujapimwa, usiache ngano. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitoa ukiwa unaendelea kula gluteni. Ukiacha kwa miezi kadhaa, majibu yanaweza kutoka safi na ugonjwa upo.

Hatua ya 1: Tafuta "gluten free" (haina gluteni), usiridhike na "wheat free" (haina ngano)

Gluteni imo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka ya "rye"). Isiyo na ngano bado inaweza kuwa na hizo nyingine mbili. Kwa kiwango cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za chakula, na kwa sheria za Umoja wa Ulaya na Marekani, bidhaa inayojiita haina gluteni isizidi miligramu 20 kwa kilo. Piga hesabu: baa ya gramu 50 iliyofika kwenye ukomo huo ina miligramu 1. Kipande kimoja cha mkate wa ngano huwa na miligramu 2,000 au zaidi. Wagonjwa wengi hawapati madhara wakiwa chini ya miligramu 10 kwa siku nzima, kwa hiyo mzazi, mtoto akila baa yenye maneno hayo, lala usingizi. Ukiona na alama ya suke lililokatwa kwa mstari ndani ya duara, ni vizuri zaidi.

Hatua ya 2: Igeuze usome viambato, na uangalie imetoka wapi

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Baa ya Uingereza au Ulaya inalazimika kukoleza wino kwenye kila nafaka yenye gluteni, hivyo neno "barley" (shayiri) au "rye" (rai) utaliona haraka. Sheria ya Marekani inalazimisha ngano itajwe waziwazi, lakini shayiri na rai haizilazimishi hivyo. Baa ya Marekani isiyo na maneno "gluten free" isome neno kwa neno.

Neno la kuwinda ni "malt": kimea, kwa kawaida cha shayiri. Hutiwa kwa ajili ya ladha na rangi, hasa kwenye mchele uliopulizwa ule unaovunjika mdomoni. Usiogope maltodekstrini wala maltitoli; majina yanafanana na kimea, lakini gluteni si tatizo humo. Na "buckwheat", licha ya jina lake, si ngano.

Hatua ya 3: Oti, na mkanganyiko wa neno shayiri

Kwetu neno shayiri hubeba mizigo miwili. Muuzaji mmoja akisema shayiri ana maana ya ile ya kimea, mwingine ana maana ya oti za uji wa asubuhi. Muulize akuonyeshe pakiti. Shayiri ya kimea ni marufuku kabisa. Oti zenyewe wengi wenye seliaki huzivumilia, lakini za kawaida hulimwa na kusagwa pamoja na ngano, basi chukua zile tu zilizoandikwa hazina gluteni. Wachache huumwa hata na hizo safi. Kwa aliyegunduliwa karibuni, mimi humwambia aziache mpaka tumbo litulie.

Hatua ya 4: Onyo la "may contain" (huenda ina)

Likiwepo la ngano, rudisha rafuni. Lisipokuwepo, usichukulie kuwa ni ushahidi, maana katika nchi nyingi kiwanda hakilazimishwi kuliandika.

Hatua ya 5: Tumbo likijaa, usikimbilie kulaumu gluteni

Kati ya zile baa sita, mbili zilikuwa salama kabisa kwa gluteni, ila zilijaa inulini, nyuzinyuzi za mzizi wa chikori. Hizo hutia gesi kwa mtu yeyote, sembuse mtoto ambaye utumbo wake bado unapona. Vitamu vya sorbitoli na maltitoli pia hutia gesi, ingawa gluteni si tatizo humo. Jaribu nusu baa kwanza.

Hatua ya 6: Kashata yako mwenyewe

Baa za nje ni ghali, nami naamini kashata ya nyumbani huzishinda nyingi. Ya mtaani ina hatari zake: wapo wapishi wanaotia unga wa ngano kidogo ili ishikane. Na karanga za mayai zina unga juu yake.

Nunua karanga mbichi, zichambue, zikaange mwenyewe na uzimenye. Vikombe viwili vya karanga, kikombe kimoja cha sukari, iliki kidogo. Yeyusha sukari peke yake kwa moto mdogo mpaka iwe rangi ya asali iliyokolea, mimina karanga na iliki, koroga upesi. Tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta mapya (yaliyokaangia maandazi hayafai), sawazisha, kata ingali moto. Ikishapoa haikatiki, inavunjika ovyo. Ufuta nao unafaa.

Mwiko wa mbao wa zamani uache. Nyufa zake hushika unga hata ukiuosha. Yule mama alinunua mwiko mpya, sufuria ndogo na kopo lenye mfuniko. Juu ya kopo aliandika jina la mwanawe kwa kalamu nyekundu, ili ndugu zake wasitie humo mikono yenye makombo ya maandazi.