Kabla Kuku wa Kwanza Hajaingia Uani

Kila jioni, jua likishajificha nyuma ya paa la jirani, huketi kwenye kigoda uani nikawatazama kuku wanavyorudi bandani. Hakuna anayewaita. Mmoja anatangulia, wa pili anasita mlangoni, halafu vurugu za kugombea fito ya juu zinaanza, utadhani ni abiria wa daladala wanawania siti ya dirishani. Tetea wa madoadoa, ambaye wanangu walimpa jina la Shangazi kwa sababu hapiti jikoni bila kukagua sufuria, huwa wa mwisho, na hawezi kuingia mpaka alalamike kwanza. Nimefuga hapa Morogoro mwaka wa tisa sasa na dakika hizo kumi bado sijazichoka.

Raha hizo hazina maandalizi. Afya ya kuku inayo, na sehemu kubwa huamuliwa kabla hujanunua hata kifaranga mmoja. Wanaotaka kuanza huniuliza bati ngapi, mbao ngapi. Nami huwauliza: majirani zako wanafuga? Kuku wao wamechanjwa?

Nilijifunza swali hilo kwa hasara. Mwaka wa kwanza nilikuwa na kuku kumi na wanne na banda zuri kuliko yote mtaani. Nyumba ya tatu kutoka kwangu wakaleta jogoo kutoka mnadani. Siku chache baadaye wa kwao wakaanza kuhara kijani, kisha wa kwangu wakaanza kukoroma, mabawa yakalegea, mmoja akawa anazunguka huku shingo imepinda kama anatafuta kitu mgongoni. Ndani ya wiki walibaki wawili. Hicho ni kideri, wengine hukiita mdondo, na hakina dawa. Kila mtaa una mtu mwenye kopo la shubiri na pilipili anayeapa kuwa kuku wake walipona. Shubiri sina ugomvi nayo, ila kirusi cha kideri hakijui kama ipo.

Kinachosaidia ni chanjo. Ile inayofaa zaidi ufugaji wetu wa uani ni I-2, iliyoanzia kwenye kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na ambayo hapa nchini hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Ni tone moja jichoni, dozi ileile kwa kifaranga na kwa jogoo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingi, kwa hiyo mtu anaweza kuibeba ikiwa imezungushiwa kitambaa kibichi asiihofie sana safari fupi. Tatizo ni moja: chupa ina dozi nyingi, wewe una kuku kumi na mbili, na ikishafunguliwa huwezi kuiwekea akiba hadi msimu ujao. Ndiyo maana naanza na majirani. Sisi tuko nyumba tisa. Tunachanga, mmoja anashika daftari la tarehe, na tunachanja alfajiri kuku wangali bandani, maana kumkimbiza kuku saa nne asubuhi ni mazoezi ya viungo. Nyumba ya tatu imo pia. Kinga huhitaji kama wiki mbili kujijenga, kwa hiyo usisubiri joto la mwisho wa kiangazi au pilikapilika za sikukuu, kuku wanaposafirishwa huku na huko. Aliyekwisha kuugua chanjo haimwokoi.

Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu mwezi wa kwanza, iwe hiyo.

Jambo la pili ni mahali pa mgeni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na wazee waliosema hivyo huenda walimwogopea asirudi alikotoka, lakini kamba hiyo ina faida nyingine. Andaa tenga au kibanda kidogo mbali na banda kubwa, mgeni akae siku kumi na nne na chombo chake cha maji, uwe unamhudumia baada ya kuwamaliza wenyeji. Weka na kandambili za bandani ambazo haziendi sokoni. Nyayo zetu hubeba mengi.

Halafu amua unaanza na kuku gani. Mitetea wa kienyeji waliokaribia kutaga ni rahisi kwa anayeanza: wanajua kuchakura, wanaatamia siku 21 na kulea wenyewe. Machotara kama Sasso na Kuroiler hukua haraka na hutaga zaidi, lakini wanakula. Kuku mkubwa wa mayai humaliza karibu gramu 120 za chakula kwa siku, kwa hiyo kumi na wawili wasiotoka nje watakumalizia kama kilo 43 kwa mwezi. Piga hesabu hiyo kabla ya kupiga picha ya mayai. Kuchi, wale warefu wenye macho ya kikatili, ni wazuri wa kutazama. Majogoo wawili wa aina hiyo kwenye ua mmoja sikushauri.

Ukichukua vifaranga wa siku moja, umejiajiri. Wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35, nawe utalisoma kwao kuliko kwenye kipimajoto: wakisongamana chini ya moto wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni huku wanahema wamezidiwa. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa huua vifaranga, na huua watu vilevile, kwa hiyo acha hewa ipite juu. Ratiba ya chanjo wanayofuata wengi ni kideri siku ya 7, gumboro (ugonjwa wa virusi unaovunja kinga ya vifaranga) siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro siku ya 28, na ndui kuanzia wiki ya sita hivi. Ile ya gumboro huwekwa kwenye maji. Wanyime maji kama saa mbili kabla ili wanywe kwa kiu, na usitumie maji yenye klorini, kwani yataiua chanjo ndani ya chombo nawe utabaki unasifu ratiba yako.

Banda lenyewe si la kutisha. Sakafu kavu, maranda au pumba za mpunga chini, kuta zenye uwazi wa juu wa kupitisha hewa, wavu ambao kicheche hapenyi, na nafasi ya mita moja ya mraba kwa kuku watano au sita. Unyevu ndio adui. Matandiko yaliyolowa huleta koksidiosi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, na kifaranga wa wiki tatu hivi anayeharisha damu huku amejikunyata na manyoya yamesimama hangojei uende kuuliza kesho. Badilisha matandiko chini ya vyombo vya maji mara nyingi kuliko unavyodhani inahitajika.

Nenda bandani usiku na tochi mara mojamoja. Utitiri hujificha mchana kwenye nyufa za fito, usiku hutoka kunyonya damu, na mwenye kuku hubaki akishangaa kwa nini mitetea wamepauka upanga wa kichwani na kuacha kutaga. Viroboto wao hawajifichi, hujipanga kuzunguka macho kama shanga. Mafuta ya mgando huwaziba pumzi na kuwaangusha. Waachie kuku kona ya udongo mkavu uliochanganywa na majivu. Watajilaza humo, wajifukizie vumbi hadi mabawani, macho wamefumba nusu. Ni dawa, na ni sinema ya bure.

Mvua zikileta mbu, tegemea ndui: vipele vigumu kwenye upanga na kope. Wengi hufa kwa kutoona chakula kuliko kwa ugonjwa wenyewe. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo ya kulainisha macho, na kulisha kwa mkono siku chache, viliwahi kunirudishia vifaranga saba kati ya tisa.

Mahindi yaliyoota ukungu usiwape kwa hoja kwamba ni kuku tu. Sumukuvu huharibu ini lao taratibu, na mayai ni ya wanao.

Sabuni ikae karibu na mlango wa banda, maana watoto watawabusu vifaranga hata ukikataza, na salmonela, bakteria wa kuharisha, haionekani kwa macho. Weka pia namba ya bwana mifugo mahali panapoonekana. Ukipewa kiuavijasumu, uliza siku za kutokula mayai wala nyama, uziandike ukutani. Na mkiuguliwa, msikimbilie kuuza. Mzoga uzikwe chini sana au uchomwe, mbwa asiuone. Yule jogoo wa mnadani wa nyumba ya tatu aliuzwa na mtu aliyejua kuwa anaumwa.

Pita pia ofisi ya mtaa uulize sheria ndogo zinasemaje kuhusu mifugo mjini. Jogoo la shamba haliwiki mjini, wanasema. La kwangu lilikuwa halijapata taarifa, liliwika saa tisa usiku mpaka jirani mwenye zamu za usiku akaja kuzungumza nami kwa upole uliokuwa unakaribia kuisha. Kuku hutaga bila jogoo, ila hutapata vifaranga. Sisi tulihamishia banda upande wa pili na kulitia giza zaidi.

La mwisho, keti na watoto mkubaliane mapema ni kuku gani wana majina na ni gani wa mchuzi. Nyumbani kwetu makubaliano yaliandikwa nyuma ya kalenda, yana sahihi nne. Shangazi hayumo kwenye orodha ya Krismasi.