Kuchuja anwani za MAC kwenye daraja la MikroTik katika ploti ya wapangaji

Mpangilio wenyewe umezoeleka kwenye maghorofa ya Roysambu na Pipeline, Nairobi: intaneti inaingia mlango wa ether1, swichi ya wapangaji iko ether3, na ruta ya MikroTik katikati ni daraja tu, yaani inaunganisha milango hiyo kama mtandao mmoja. Anayelipa apite, aliyechomeka kebo kwenye swichi ya korido kimyakimya asipite; tunawatofautisha kwa anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya kifaa kwenye mtandao.

1. Ingia hali salama. Kwenye terminali bonyeza Ctrl+X. Ukijifungia nje na muunganisho ukatike, mabadiliko yanajifuta, nawe huhitaji kumwamsha keateka (msimamizi wa ploti) akufungulie paa. Ukiridhika, bonyeza tena ili yabaki.

2. Tazama walioko.

`/interface bridge host print`

Zenye alama L ni za MikroTik yenyewe, ziache. Shughulika na zilizo ether3. Mpangaji mwenye ruta yake huonekana kama anwani moja, ile ya mlango wa WAN (unaopokea intaneti), hata akiwa na simu kumi. Lakini kifaa cha waifai kilichowekwa kama daraja kinaanika kila simu, na hapo ndipo maumivu yanapoanza: tangu Android 10 na iOS 14, simu hujibunia anwani kwa kila mtandao wa waifai. Tazama tarakimu ya pili ya anwani. Ikiwa 2, 6, A au E, imebuniwa na programu. Ya namna hiyo siisajili. Mpangaji aweke ruta, au azime ubunifu huo kwa mtandao wa ploti.

3. Toa mlango kwenye chipu ya swichi iliyo ndani ya MikroTik.

`/interface bridge port set [find interface=ether3] hw=no`

Ukiruka hapa, kanuni zitakuwa sawasawa na watu watapita vilevile. Kichujio kiko kwenye CPU (kichakataji kikuu). Fremu (vipande vya data) zinazopitishwa na chipu hakizioni kabisa. Bila shaka CPU italemewa zaidi, kwa hiyo kwenye ruta ndogo chungulia `/system resource print` saa za jioni, watu wakiwa nyumbani.

4. Andika kanuni. Anwani hapa ni mfano, weka ya mpangaji wako; "B4" ni nyumba yake.

`/interface bridge filter`
`add chain=forward in-interface=ether3 action=jump jump-target=wapangaji`
`add chain=wapangaji src-mac-address=00:00:5E:00:53:01/FF:FF:FF:FF:FF:FF action=accept comment="B4"`
`add chain=wapangaji action=log comment="mwisho"`

Iwapo MikroTik yako ndiyo inayogawa IP na kufanya NAT (wote kutoka kwa IP moja), trafiki ya kwenda intaneti hupitia `input` (inayoingia kwenye ruta yenyewe), si `forward` (inayovuka daraja). Badilisha mstari wa kwanza.

5. Sikiliza kwanza, kata baadaye. Nimeweka `log`, inayoandika tu bila kukata, makusudi. Iache ipitie jioni moja, soma `/log print`, na utawapata wanaolipa uliowasahau. Kisha, ukiwa ndani ya `/interface bridge filter`:

`set [find comment="mwisho"] action=drop`

Kagua kwa `print stats`. Kaunta zikibaki sifuri, rudi hatua ya 3. Mgeni aliyezuiwa hapati hata IP, kwa sababu DHCP (huduma inayogawa IP) nayo inakatwa.

6. Mpangaji mpya aongezwe juu ya "mwisho", la sivyo kanuni yake haifikiwi:

`add chain=wapangaji src-mac-address=00:00:5E:00:53:02/FF:FF:FF:FF:FF:FF action=accept comment="C2" place-before=[find comment="mwisho"]`

Anayejua kunakili MAC ya jirani bado atapita. Ukiwa na mpangaji wa aina hiyo, hamia PPPoE, ambapo kila nyumba huingia kwa nywila yake.