Kuiandikia maelezo zana ya kufuta faili kwa wingi

Ninafanya kazi ya kuhifadhi nyaraka kwa kompyuta hapa Tanga. Kwa sasa nasaidia ofisi moja ya Chumbageni inayoskani barua, daftari za mishahara na picha za mashamba ya mkonge. Kila karatasi inatoa faili mbili: TIFF, ambayo ndiyo nakala mama, na JPEG ndogo ya kutazamia. Tuna wakala wa akili unde, yaani programu inayopokea maagizo kwa maneno ya kawaida na kuyatekeleza yenyewe, anayepanga faili na kubadili majina. Nilimpa pia zana ya kufuta faili kwa wingi, yaani programu ndogo anayoweza kuiita. Maelezo yake, ambayo wakala huyasoma ili ajue zana inafanya nini na itumike lini, niliyaandika kwa sentensi moja: "Hufuta faili nyingi kwa mara moja."

Siku moja mwenzangu akamwandikia: "Ondoa picha zilizojirudia, diski imejaa." Wakala akaona kila picha ipo mara mbili, akachagua zile nzito, akafuta TIFF zaidi ya 200. Nyingi tulizirudisha kutoka kwenye diski ya nje. Za siku mbili za mwisho ilibidi tuziskani upya, na hizo ni karatasi ambazo kingo zake zinamomonyoka kila zikiguswa. Iliniuma sana. Mfanyakazi mgeni angemuuliza jirani yake wa mezani kabla ya kugusa kitu, lakini wakala alikuwa na sentensi yangu moja tu. Hivi ndivyo ninavyoandika sasa.

Hatua ya 1: Iendeshe mwenyewe kwanza

Tengeneza folda ya majaribio, itie faili za kila aina, kisha iendeshe zana yako kwa mkono. Andika unachokiona, usiandike unachodhani. Wengi tunaamini faili iliyofutwa inakaa kwenye kikapu cha taka. Kikapu kile ni huduma ya programu ya kutazamia faili. Ukifuta kwa amri ya rm kwenye Linux, au kwa os.remove ya Python, faili haipiti huko kabisa.

Angalia pia herufi. Nyota kwenye jina la faili husimama badala ya herufi zozote, lakini kwenye Linux *.tif haigusi barua.TIF. Skana yetu inaandika kwa herufi kubwa, na kuna vijana ofisini wanaobadili majina kwa herufi ndogo, kwa hiyo mchoro mmoja wa nyota unaweza kukamata nusu ya folda na kuacha nusu. Jaribu na kiungo kinachoelekeza kwenye faili nyingine, na faili iliyokatazwa kufutwa. Majibu yote yaingie kwenye maelezo.

Hatua ya 2: Lisiloweza kurudi liwe mwanzoni

Jina la zana liseme ukweli. Yangu sasa inaitwa futa_faili_kabisa. Maelezo yake ni haya, unaweza kuyachukua na kuyabadili (njia kamili ni anwani ya faili, folda zote hadi jina lake):

> Hufuta kabisa faili zilizotajwa kwa njia kamili. Faili haziendi kwenye kikapu cha taka na zana hii haiwezi kuzirudisha. Haifuti folda. Itumie pale tu mtumiaji alipokwisha kuona orodha ya faili na kukubali hizo hizo zifutwe. Usiitumie kuhamisha faili. Kwa hilo tumia hamisha_faili. Usiitumie kusafisha picha yenyewe. TIFF na JPEG zenye jina moja si nakala zilizojirudia: TIFF ni nakala mama.

Sentensi ya mwisho ndiyo ingetuokoa siku ile. Ni jambo ambalo kila mtu ofisini analijua, na ndiyo maana hakuna aliyefikiria kuliandika. Kabla hujafunga maelezo, muulize mtu aliyekaa na faili hizo muda mrefu: ni kitu gani hapa kinaonekana kama taka na si taka?

Hatua ya 3: Kusanya maneno ya watu wako

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko pengine pote. Kwa siku kadhaa niliandika kwenye daftari maneno halisi ambayo wenzangu wanamwambia wakala. "Ondoa hizi hapa" mara nyingi ilimaanisha zihamishie folda nyingine. "Safisha folda" ilimaanisha ipange. "Toa picha za Pangani" ilimaanisha nitolee nizione. Na lenyewe neno "futa" lina hatari yake: anayeshughulikia picha za zamani husema "futa vumbi", "futa madoa", akikusudia kurekebisha picha, si kuiangamiza. "Futa madoa kwenye picha za folda hii" likimfikia wakala aliye na zana ya kufuta pekee, asiye na ya kurekebisha, unaweza kukisia litakalotokea.

Kwa hiyo niliongeza: "Mtumiaji akisema ondoa, safisha, toa au punguza, muulize anakusudia nini kabla ya kuita zana hii."

Hatua ya 4: Vigezo

Vigezo ni vile wakala anavyoijazia zana anapoiita. Cha kwanza, naomba orodha ya njia kamili, sikubali nyota. Mchoro wa nyota unakamata hata faili iliyoingia dakika moja baada ya mtu kuikubali orodha. Kigezo cha pili ni onyesha_tu, cha kuonyesha orodha bila kufuta, nacho huwa "ndiyo" usipokigusa. Cha tatu ni idadi ya juu. Amazon S3, huduma ya kuhifadhi faili mtandaoni, yenyewe haipokei majina zaidi ya 1,000 kwa ombi moja la kufuta. Mimi nimeweka 50, kwa sababu hiyo ndiyo orodha ambayo mtu anaweza kuisoma kweli.

Mipaka hii iwe ndani ya programu pia. Maelezo humwongoza wakala, hayamzuii. Zana ikatae yenyewe faili ya 51, na ikatae njia yoyote iliyo nje ya folda uliyoiruhusu.

Kama unatumia MCP, itifaki ya kuunganisha wakala na zana iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, kuna alama za kutangaza tabia ya zana. Weka destructiveHint, alama ya kwamba zana inaweza kuharibu, kuwa kweli waziwazi, hata kama ndivyo inavyohesabiwa usipoiandika. Atakayesoma baada yako aone kwamba ulikusudia.

Hatua ya 5: Eleza majibu

Kufuta kwa wingi hukwama katikati. Faili 30 zinaweza kwenda na 4 zikabaki, na wakala akijibiwa "imeshindikana" atarudia zote. Rudisha orodha mbili, zilizofutwa na zilizobaki, na kila iliyobaki iwe na sababu yake. Ujumbe wa kosa umwambie la kufanya: "Faili haipo. Usitafute yenye jina linalofanana. Mjulishe mtumiaji."

Hatua ya 6: Jaribu maelezo, si programu tu

Nakili folda halisi, mpe wakala hiyo nakala, kisha mwandikie zile sentensi za kwenye daftari, neno kwa neno kama wenzako walivyozisema. Akikosea, rekebisha maelezo kwanza, ujaribu tena sentensi zote tangu mwanzo.

Wiki iliyopita nilimwandikia: "Futa madoa kwenye barua za folda ya tatu." Akajibu: "Unataka nifute faili zenyewe, au nirekebishe picha? Zana niliyonayo ni ya kufuta faili tu." Siku ile ile nikamruhusu kuingia kwenye folda halisi.